Kombora la kale hutambuliwaje?

Mkulima wa Kakamega akifukua chuma kizito chenye ncha, na akiache papo hapo, amwarifu chifu au polisi. Wataalamu hutazama kwanza ukanda wa shaba karibu na kitako: ukiwa na mikwaruzo ya mshazari, kombora lilikwisha kufyatuliwa, na huenda halikulipuka. Hilo ndilo la kuhofiwa zaidi.

Kisha hupimwa kipenyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga ya manowari mbili zilizozama Afrika Mashariki iliopolewa ikapigana nchi kavu: ya Königsberg ya Wajerumani (Rufiji, 1915), milimita 105, ya Pegasus ya Waingereza (Zanzibar, 1914), takriban 102. Kutu huficha tofauti hiyo, hivyo hutafutwa pia herufi zilizogongwa chumani. Kazi hiyo si ya mnunuzi wa vyuma chakavu na nyundo yake.