Sanduku la Santuri za Babu

Wasomaji wengi wanajua ya kuwa mali ya marehemu haikosi kuzusha maneno. Katika nyumba yetu huku Taita maneno hayo hayakuletwa na shamba wala ng'ombe, bali na sanduku la mbao lenye santuri 41.

Babu alikuwa mkulima wa mboga. Kila alipopata bei nzuri ya kabeji zake huko Mombasa, alirudi na chumvi, na mafuta ya taa, na santuri moja. Basi alipofariki mwaka jana, baba mdogo, ambaye mwanawe alikuwa akingojea karo ya chuo, alimpata mnunuzi aliyekubali kutoa shilingi 30,000 kwa sanduku zima. Nami nilipinga. Baba mdogo akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu upesi: "Nyimbo zote hizi zimo katika simu yako. Ya nini kulinda plastiki, na mtoto anakaa nyumbani?"

Mwisho tulipatana kwamba kabla ya kuuza tutakaa jioni moja, tuwaalike wazee majirani, na kila mmoja achague wimbo wake aliopenda katika miaka ya sitini, na atueleze sababu. Sharti lilikuwa wimbo mmoja tu kwa mtu.

Mzee wa kwanza, aliyefanya kazi ya reli ujanani, hakufikiri hata kidogo. Alitaka "Helule Helule" ya Daudi Kabaka. Siku hizo dansi ya twist ilikuwa imeingia Nairobi kwa nguvu, na Kabaka aliitia katika gitaa na maneno ya kwetu hata watu wakamwita mfalme wa twist. Alifanya kazi na bendi ya Equator Sound, pamoja na Fadhili William, Gabriel Omolo, na vijana wawili kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Wimbo huo ulivuka bahari: mwaka 1968 kundi la Waingereza liitwalo The Tremeloes liliuimba kwa namna yao. Mzee wetu hakujali habari za Waingereza. Alisimama na fimbo yake, akapinda magoti mawili matatu, kisha akaketi akihema na kuomba maji.

Shangazi alichagua "Malaika", na hapo mazungumzo yakawa marefu. Fadhili William ni mtu wa huku kwetu Taita, na hapana mtu wa mlimani asiyejivunia jina lake. Yeye ndiye aliyeitia "Malaika" katika santuri mwanzoni mwa miaka ya sitini. Baadaye Miriam Makeba aliuimba, na mwaka 1965 ukatoka katika santuri yake na Harry Belafonte. Boney M wa Ujerumani wakauimba mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Lakini ni nani aliyeutunga? Fadhili alisema ni wake. Wako wanaosema kwamba mtunzi ni Adam Salim, mtu wa Tanganyika aliyekaa Nairobi katika miaka ya arobaini. Shauri hilo halijakwisha, na wazee wetu nusura walikatize kwa fimbo.

Kwa maoni yangu, atakayesema ni wa fulani bila shaka yoyote ajihadhari. Wakati ule nyimbo zilipita kutoka mdomo hata mdomo, katika kambi za askari na vilabu vya dansi, na aliyefika kwanza mbele ya mashine ndiye aliyeandikwa jina.

Shangazi alitusubiri tumalize ubishi. Kisha akasema, "Mimi sijali nani alitunga. Kijana aliyeniimbia wimbo huo hakuwa na mahari, kama yule wa katika wimbo, na baba yangu alimfukuza." Baba yake ndiye babu, mwenye sanduku. Tukanyamaza wote. Nilikuwa sijapata kusikia habari hiyo.

Mzee wa tatu alivunja sharti makusudi. Alileta wimbo wa Fundi Konde wa miaka ya hamsini, akasema miaka ya sitini ni ya watoto. Fundi Konde alipata kuwaburudisha askari wa K.A.R. huko Burma wakati wa vita, na mzee huyu anayo heshima kubwa kwa jambo hilo, maana kaka yake alikwenda vita hivyo. Santuri yenyewe ilikuwa ya namna ya kale, nzito, izungukayo mara 78 kwa dakika, ambayo ikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Zile ndogo za sitini huzunguka mara 45 na hustahimili zaidi. Ilikuwa na ufa. Kila mzunguko sindano iliruka, na mzee akaujaza mwanya huo kwa sauti yake mwenyewe.

Bibi alikuwa hajasema neno. Alipoulizwa, alituma mjukuu atoe santuri ya chini kabisa, isiyo na karatasi, jina limefutika. Ilipopigwa hakuna aliyeutambua wimbo wala mwimbaji. Nilijaribu kuutafuta katika simu, nisiupate.

"Nilimwagiza kanga," alisema bibi, "akaniletea hii. Siku mbili sikusema naye. Siku ya tatu akaipiga usiku, watoto wamelala, tukacheza hapa hapa."

Baba mdogo alitoka nje, akakaa huko kwa muda.

Mnunuzi alifika Jumatatu. Alizitoa santuri moja moja, akazipangusa, akazihesabu, akapata 40. Akauliza ya 41 i wapi. Bibi alimjibu kwamba haina jina, naye hanunui kitu asichokijua. Yule bwana alicheka, akapunguza shilingi 500, na baba mdogo akapokea fedha bila kubishana. Karo ililipwa juma lile lile. Gramafoni haikuuzwa, iko chumbani kwa bibi, na sindano moja ya akiba niliyomnunulia Nairobi.