Fahamu: Jumba la shamba la Civita Giuliana na chumba cha watumwa wake

Takriban mita 700 nje ya kuta za Pompeii, kusini mwa Italia, kuna mabaki ya jumba la shamba la Kirumi lililofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Kwa miaka mingi wezi wa mambo ya kale walichimba mahandaki kulipora. Ndiyo maana mwaka 2017 waendesha mashtaka na wasimamizi wa Pompeii waliungana kulichimbua rasmi.

Uchimbaji umefichua banda lenye farasi, pamoja na gari la sherehe lililonakshiwa kwa shaba. Lakini lenye uzito zaidi, kwangu, ni chumba cha watumwa kilichotangazwa Novemba 2021: mita 16 za mraba, kidirisha kimoja juu, mitungi imesongamana pembeni. Humo mlikuwa na vitanda vitatu vya mbao vilivyosukwa kwa kamba. Kimoja kilikuwa na urefu wa mita 1.4 tu, na huenda kililaliwa na mtoto.

Mbao na kamba zilioza zamani, zikaacha uwazi ndani ya majivu yaliyoganda. Wataalamu humimina plasta katika uwazi huo, ikikauka umbo hurudi, hata mikunjo ya blanketi.

Waandishi wa Kirumi waliwataja watumwa wa mashambani kama vyombo vya kazi. Hapa tunaona walipolala: juu ya kimojawapo cha vitanda vile kulikuwa na mti wa kuvutia gari, na humo chumbani sanduku lenye vifaa vya lijamu za farasi.