Anayemtunza Mzee Naye Atunzwe



Katika simu zinazotoka nyumbani liko neno moja ambalo jamaa wengi tunaoishi hapa Guangzhou tumekwisha kulizoea: "Dada aliyekuwa akimwangalia bibi ameondoka." Basi tunachangishana nauli ya kumleta mwingine, na bibi, ambaye miguu haimchukui tena, anaanza upya kumwelekeza mtu mgeni namna ya kumwinua kitandani na kumwogesha. Nasi huku hulaumu kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Yafaa tulitazame jambo hili upya, tukijifunza kwa wenyeji wetu.

Wilaya ya Baiyun wengi wetu twaijua kwa masoko ya mikoba ya Sanyuanli na kwa uwanja wa ndege. Lakini ukielekea kaskazini mashariki mpaka Zhongluotan, utakuta Nyumba ya Wazee ya Jiji la Guangzhou, iliyoanzishwa mwaka 1965. Nyumba za namna hii zimezidi kuhitajiwa. Tangu mwaka 1980 hadi 2015 jamaa nyingi za mijini China ziliruhusiwa mtoto mmoja tu, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha watu milioni 264 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Mtoto wa pekee akioa mtoto wa pekee, wawili hao wana wazazi wanne wa kuwaangalia. Kwa hiyo wanaowalisha na kuwaogesha wazee, wengi wao ni wanawake wa makamo waliotoka vijijini, wakawaacha wazazi wao wenyewe mbali. Ni wageni mjini kama sisi.

Wachina humwita mhudumu huyo ayi, jina la dada yake mama, yaani mama mdogo. Sisi twamwita dada. Jina la undugu ni tamu, lakini halilipi ada ya shule ya mtoto wake wala halimpumzishi mgongo. Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Vivyo hivyo kumwajiri mhudumu si kazi. Kazi ni kumfanya apende kubaki.

Yanayomfanya mtu abaki

Kwanza ni mshahara unaofika kwa tarehe yake. Mwaka 2017 Guangzhou ilianza bima ya utunzaji wa muda mrefu, inayosaidia kulipia huduma za wasiojiweza. Hata hivyo, fedha peke yake hazimfungi mtu.

Pili ni kufundishwa. Kumgeuza mzee aliyelala kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda ni elimu. Kumwinua bila kujiumiza kiuno ni elimu. Anayeachwa peke yake siku ya kwanza huogopa, kisha hukimbia. Anayefuatana na mzoefu kwa majuma machache hupata moyo.

Tatu ni ngazi ya kupanda. Mwaka 2019 serikali ya China ilibadili kanuni za ufundi wa watunza wazee: sharti la elimu ya sekondari ya chini liliondolewa, na madaraja yakawa matano badala ya manne. Mama wa kijijini asiye na cheti cha shule akaweza kufanya mtihani na kupanda.

Nne, mhudumu awe yule yule kwa mzee yule yule. Akimzoea, ndiye wa kwanza kujua kuwa jana alikula nusu sahani, au kwamba ngozi ya kisigino imebadilika. Asikilizwe anaposema hayo. Neno lake likipuuzwa mara mbili tatu, hatasema tena, na moyo wake utaondoka kabla ya miguu.

Tano, ahesabiwe kuwa mtu. Mzee akifariki, jamaa hupewa pole, naye huambiwa atandike kitanda. Kumbe naye amefiwa.

Wajibu wetu

Nyumbani pia nyumba za wazee zipo, kama Sebleni na Welezo kule Unguja, lakini wengi wetu wazee wetu wako majumbani mwao, mikononi mwa dada mmoja, mchana na usiku. Hana mwenzake wa kumpokea wala siku ya kulala. Tukichangia dawa, tuchangie na msaidizi wa siku mbili kwa juma, ili dada apumzike.

Kila mwaka, siku ya 9 ya mwezi wa 9 kwa kalenda ya Kichina, ambayo ni siku ya wazee, watu wa Guangzhou hupanda mlima Baiyun. Siku hiyo nasi tupige simu nyumbani. Tukimaliza kumwamkia bibi, tuombe simu apewe dada, naye tumwulize: mama yako hajambo?

Mungu awape wazee wetu afya, na wanaowatunza nguvu.