Laiki 2,000, mauzo matatu: pesa yako ya matangazo inaenda wapi?

Swali tunaloulizwa sana na wafanyabiashara wanaotumia till zetu si kuhusu till. Ni hili: "Nimeweka pesa Facebook, watu wamelaiki, lakini simu hailii. Shida iko wapi?" Anayeuliza anaweza kuwa muuza viatu Gikomba, mwenye saluni Nakuru au kijana wa vifaa vya simu pale Luthuli. Bidhaa ni tofauti, kilio ni kimoja. Na si kilio kidogo, kwa sababu pesa hiyo mara nyingi imetolewa kwenye stoku. Shilingi 500 kwa siku kwa wiki mbili ni Sh7,000. Huo ni mzigo ambao haukununuliwa.

Tuanze na mahali mteja anapotafuta, maana pamebadilika. Zamani mtu akitaka kitu aliandika Google, basi. Mwaka 2022 mkubwa mmoja wa Google, Prabhakar Raghavan, alisema hadharani kwamba karibu asilimia 40 ya vijana kwenye utafiti wao, wakitafuta mahali pa kula chakula cha mchana, hawaendi Google wala kwenye ramani yake. Wanaenda TikTok au Instagram. Utafiti ule ulikuwa wa Marekani, lakini Kenya hatuko nyuma: ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliiweka Kenya juu kabisa kati ya nchi ilizochunguza kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa.

Halafu ukuta kati ya mitandao na Google wenyewe unabomoka. Tangu Julai 2025, posti za wazi za akaunti za kibiashara za Instagram zinaweza kutokea kwenye matokeo ya Google. Kwa hivyo maneno unayoandika chini ya picha si mapambo tena, ni njia ya kukupata. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Mzigo mpya umetua, wahi mapema, DM." Ya pili: "Viatu vya ngozi vya shule, saizi 30 hadi 42, Sh1,800, duka liko Nakuru mjini, tunatuma kaunti zote." Hakuna binadamu aliyewahi kuandika Google "mzigo mpya umetua". Lakini mzazi mwezi wa Januari anaandika "viatu vya shule Nakuru bei", vivyo hivyo, bila salamu. Ukitaka kujua watu wa kaunti yako wanaandika nini, fungua Google Trends, chagua Kenya, weka neno la bidhaa yako na uangalie miezi linapopanda. Ni bure, na itakuambia wakati wa kununua stoku hata kabla ya wakati wa kutangaza.

Sasa tuongee ukweli kuhusu "bei ni inboksi".

Tunajua sababu. Wengine wanaogopa jirani ataona bei na kushusha yake kwa shilingi hamsini. Wengine wana bei mbili, ya jumla na ya rejareja, na hawataki zigongane. Wengine wameambiwa kwamba watu wakiuliza bei kwenye komenti posti inasambaa zaidi. Hiyo ya mwisho ina ukweli kidogo: komenti nyingi zinaweza kuisaidia posti kusafiri. Ila inasafiri kwa watu gani? Mtu aliyeuliza bei saa mbili usiku akiwa kwenye matatu, ukamjibu kesho yake saa nne asubuhi, amekwishanunua kwa aliyeandika bei waziwazi. Na yule jirani unayemwogopa, kusema kweli, alishatuma mtu akuulize bei inboksi zamani.

Ukiwa na bidhaa isiyo na bei moja, kama keki au gauni la kushona, andika "kuanzia Sh2,500" na useme kinachoipandisha. Kwa bei ya jumla, andika "ukichukua 12 kwenda juu, tuongee." Mteja mwenye Sh1,000 atajiondoa mwenyewe, nawe utakuwa umeokoa muda wa kujibu meseji arobaini za watu ambao hawangenunua.

Hapo ndipo WhatsApp Business inaingia. Programu hii ilitoka 2018, haina malipo, na tangu 2019 ina katalogi ambamo unaweka picha, bei na maelezo ya kila bidhaa. Bado tunaona watu wengi wakituma picha moja moja kwa kila anayeuliza, usiku kucha. Weka katalogi, weka majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia (duka liko wapi, mnatuma Kisumu, nalipaje), na uweke ujumbe wa kujibu wenyewe ukiwa umefunga. Jambo moja ambalo huwashangaza wengi: orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi nambari yako kwenye simu yake. Kwa hivyo mteja akimaliza kulipa, mwombe aiseivu nambari. Bila hiyo unaongea na ukuta.

Tukija Google, kitu cha kwanza si tangazo. Ni ule wasifu wa biashara unaotokea kwenye ramani, ambao hadi 2021 uliitwa Google My Business. Kuuweka ni bure. Mtu akikupigia akitaka pesa "akusajili Google", kata simu. Google wenyewe wanasema wanapanga biashara za karibu kwa mambo matatu: unauza kinachotafutwa au la, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Umbali huna la kufanya. Hayo mengine mawili unayo mikononi. Chagua aina sahihi ya biashara, weka picha za kweli za mlango wa duka kama mtu anavyouona akitoka barabarani, na uweke pini mahali penyewe, kwa sababu hapa kwetu anwani ni "jengo la bluu, ghorofa ya pili, ukipita duka la dawa." Rekebisha saa za kufungua wakati wa sikukuu. Hakuna kinachomkasirisha mtu kama kulipa boda boda hadi dukani kwako akute kufuli, na Google imemwambia mko wazi. Huyo ndiye anayeandika maoni ya nyota moja.

Na maoni hayo yanasomwa. Wakati mzuri wa kuyaomba ni pale malipo yameingia na mteja bado anautazama mzigo wake kwa furaha. Mtumie kiungo palepale. Usimpe zawadi ili aandike vizuri, Google hairuhusu, na ukikamatwa maoni yanaondolewa. Likija baya, jibu kwa upole na kwa ufupi. Jibu lako halimhusu sana aliyeandika, linawahusu wanaosoma baada yake.

Kuhusu majibu ya akili bandia ambayo Google ilianza kuyaweka juu ya matokeo Marekani mwezi wa Mei 2024, kisha katika nchi zaidi ya 100 kufikia Oktoba: ndiyo, yanapunguza watu wanaobofya tovuti, hasa zile zinazojibu maswali ya jumla. Lakini anayetaka kusukwa leo mchana Nakuru bado anahitaji saluni yenye jina, simu na mahali. Duka dogo lisipoteze usingizi kwa hilo kabla ya kurekebisha wasifu wake.

Ukifika kwenye matangazo ya kulipia ya Google, angalia vitu viwili kabla ya kuweka hata shilingi. Kwanza ni eneo. Mpangilio unaoukuta tayari unajumuisha watu walio mahali ulipochagua na pia walioonyesha kupendezwa napo. Ndivyo saluni ya Nakuru inavyolipia mbofyo wa mtu aliye Doha anayetafuta habari za nyumbani. Badilisha ibaki watu waliopo tu. Pili, weka maneno ya kukataa. Kama unauza friji mpya, kataa "kutengeneza", "mtumba", "kazi" na "picha". Kila mbofyo ni pesa, hata wa mtu anayetafuta kibarua.

Kwa upande wa Facebook na Instagram, kitufe cha Boost ni kitamu kwa sababu ni rahisi. Angalia lengo linalochaguliwa. Ukichagua kupata watu wa kuangalia na kulaiki, utaletewa watu wanaopenda kulaiki, na mtandao utakuwa umefanya kazi yake sawasawa. Chagua meseji, au kutembelea katalogi. Kama unatumia iPhone, kuna jingine: mwaka 2024 Apple ilianza kutoza asilimia 30 kwa anayelipia Boost ndani ya programu ya simu, Marekani kwanza kisha kwingine. Ukilipia kupitia kivinjari, ada hiyo haipo.

Lakini hayo yote ni kubahatisha kama hujui tangazo lilileta nini. Hapa ndipo tunaweza kusaidia, kwa sababu jibu liko kwenye taarifa ya till yako. Ebu tufanye hesabu ya mfano. Umetangaza viatu kwa wiki moja, Sh500 kwa siku, jumla Sh3,500. Umepata meseji 80. Walionunua ni 9. Kila pea inakuachia faida ya Sh450 baada ya kutoa bei ya kununua na ya kufunga. Tisa mara 450 ni Sh4,050. Toa matangazo, unabaki na Sh550. Si mbaya, utasema.

Ngoja kwanza. Wiki isiyo na tangazo huwa unauza pea ngapi mtandaoni? Kama ni mbili, hizo mbili zingekuja tu. Tangazo limeleta saba, yaani faida ya Sh3,150, na limekula Sh3,500. Hasara ya Sh350, kwa wiki ambayo ulidhani umefanikiwa.

Kujua hizo "mbili" ndiyo kazi. Chukua taarifa ya till na ulinganishe wiki ya tangazo na wiki inayofanana nayo mwezi uliopita. Wiki ya mishahara ilinganishwe na wiki ya mishahara. Ukilinganisha tarehe 30 na tarehe 17 utasifu tangazo kwa kazi iliyofanywa na mwajiri wa mteja wako. Ikiwezekana, tenga malipo ya mtandaoni na ya dukani kwa kuwa na till mbili. Kwa wenye paybill ni rahisi zaidi: tangazo la TikTok liseme akaunti ni TIKTOK, la Instagram liseme IG. Mwisho wa mwezi taarifa inajipanga yenyewe, na huhitaji mtaalamu wa kukuchorea grafu.

Usikate tamaa haraka pia. Kama watatu kati ya wale saba watarudi mwezi ujao bila tangazo, ni Sh1,350 zaidi, na ile hasara imegeuka faida. Ndiyo maana biashara ya vyakula na vipodozi huvumilia gharama ya tangazo kuliko ya makochi. Mtu hununua kochi lini tena?

Kuna mteja mwingine unayempoteza hatua ya mwisho kabisa, na laiki haziwezi kukuonyesha. Amependa, ameona bei, ameweka nambari ya till, halafu jina linalotokea si la ukurasa wako. Ni la shemeji yako. Wakenya wameumwa sana na wauzaji hewa, na mtu mwenye akili anafuta muamala hapo hapo. Hakikisha jina la till ndilo jina la ukurasa, na lile la Google liwe hilo hilo. Nawe usiachilie mzigo kwa sababu mteja amekutumia picha ya ujumbe wa malipo. Angalia simu yako.

Usiweke biashara yote kwenye nyumba moja vilevile. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa karibu saa sita, kwa hapa Kenya kuanzia jioni hadi usiku wa manane. Aliyekuwa na daftari la wateja alipiga simu. Wengine walingoja.

Ila daftari hilo lina sheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nambari uliyoipata mtu akikulipa ni ya malipo, si ruhusa ya kumtumia matangazo kila Ijumaa. Picha ni vivyo hivyo. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kwa saluni zinazopenda kuonyesha misuko, au wenye hoteli wanaopiga video wakati watu wanakula, hilo si jambo la kupuuza. Uliza kwanza. Kwa nambari za simu, ujumbe mmoja baada ya ununuzi unatosha: "Asante kwa kununua kwetu. Ungependa tukujulishe mzigo mpya ukifika? Jibu NDIYO. Ukichoka wakati wowote, andika TOKA." Hifadhi majibu ya NDIYO, na anayeandika TOKA mtoe siku hiyo hiyo.