Chipukizi wa Cape Cod na gongo la mti

Wahenga walisema kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Hawakutuambia, hata hivyo, asubuhi hiyo huanza saa ngapi, na hapo ndipo wapimaji wa vipaji huteleza.

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi mapema Agosti, vyuo vikuu vya Marekani vinapokuwa likizoni, vijana hodari wa besiboli humiminika katika rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts. Msomaji aliyecheza raunda katika shule ya msingi hatapata taabu kuuelewa mchezo huo: mmoja anarusha, mwingine anapiga na kukimbia. Timu ni kumi, nazo ni za miji midogo kama vile Chatham, Orleans na Brewster. Wachezaji hawalipwi mshahara. Hulala katika nyumba za wenyeji, ambao huwalisha kama watoto wao, na watazamaji huingia bila kiingilio, aghalabu wakijibebea viti. Miongoni mwao wamo wasaka vipaji wa timu za kulipwa, vipima-kasi mikononi.

Kwa nini watu hao wasiridhike na waliyoyaona vyuoni? Jibu ni gongo. Tangu 1974 vyuo vimeruhusu gongo la alumini, ambalo ni jepesi, halivunjiki ovyo, na hata mpira uliogongwa vibaya huweza kuruka mbali. Ligi za kulipwa hazikubali ila la mti. Mwaka wa 1985 Cape Cod ikaurejelea mti, na tangu hapo ikawa mizani ya kuaminika. Kijana aliyetamba chuoni huona gongo likimpasukia mikononi kwa mpira uliomjia karibu na mwili, ilhali mrushaji aliyekuwa akiuogopa upande huo hupata ujasiri. Kanuni zilizoanza kutumika vyuoni mwaka wa 2011 zimeipunguza nguvu alumini, lakini tofauti haijaisha. Walimu wenzangu wanaijua hali hii: ni ya mwanafunzi aliyekariri majibu ya mitihani iliyopita, kisha akaletewa swali jipya.

Kutokana na mtihani huo wa mti, majarida hutunga orodha za chipukizi bora kila kiangazi. Hapa naomba ruhusa nipitie kidogo katika shamba langu la isimu. Sisi husema chipukizi, neno linalotokana na kuchipuka, yaani tunautazama mche wenyewe. Kiingereza hutumia neno ambalo asili yake ni Kilatini, lenye maana ya kutazama mbele. Linamsema mtazamaji na matarajio yake. Kwa maoni yangu, orodha hizo ni za aina hii ya pili.

Si kwamba macho hayo hukosea daima. Thurman Munson alichezea Chatham mwaka wa 1967, akamaliza na wastani wa kupiga wa .420, na mwaka wa 1976 akatawazwa mchezaji bora wa American League. Lakini mtazame Aaron Judge, jitu la mita mbili, aliyechezea Brewster mwaka wa 2012. Mwaka uliofuata, New York Yankees walipomteua, vijana 31 walikuwa wamekwisha kuteuliwa kabla yake. Mwaka wa 2022 aliuvusha mpira nje ya uwanja mara 62, akaweka rekodi ya American League.

Zaidi ya wachezaji 1,000 waliopitia Cape Cod wamefika ligi kuu, na hiyo ni sifa isiyo haba. Linalonitia wasiwasi ni kwamba mlango unazidi kuwa mwembamba. Tangu 2021 uteuzi wa kila mwaka hufanywa Julai, msimu wa kiangazi ukiwa katikati, na raundi zimepunguzwa kutoka 40 hadi 20. Maadamu nafasi ni chache, kosa la mpimaji linamgharimu kijana zaidi kuliko zamani, hasa yule anayechelewa kukomaa. Mike Piazza, ambaye hakuna aliyemdhania makuu, aliteuliwa mwaka wa 1988 katika raundi ya 62, na mwaka wa 2016 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Kwa utaratibu wa leo, raundi yake haipo.