Mbiu ya Ukame: Sheria Inasemaje, Nasi Tufanye Nini?

Ndugu wanakikundi wa Kutulo na vijiji jirani,

Wazee walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Je, mbiu ya ukame siku hizi hupigwa na nani?

Zamani kazi hii ilifanywa na miradi. Mmoja ulianza mwaka 1996 katika sehemu kame za Kenya. Lakini mradi una mwanzo na mwisho. Mwaka 2011 serikali iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, ile tunayoiita NDMA, na sheria ya mwaka 2016 ikaipa mizizi. Kwa hiyo kutupa habari za ukame mapema si hisani ya mfadhili. Ni wajibu wa serikali. Sheria hiyo pia ilianzisha mfuko wa dharura ya ukame.

Inafanywaje? Katika kaunti 23, Mandera, Wajir na Garissa zikiwemo, watu wa NDMA huuliza familia kila mwezi: maziwa ni kiasi gani? Maji yako mbali kadiri gani? Mbuzi anauzwa bei gani? Watoto nao hupimwa mkono. Hali ya malisho hutazamwa kwa satelaiti. Halafu kila kaunti hutangaziwa hali yake: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kupata nafuu.

Hapa ndipo tunapokosea. Wengi wetu tunangoja neno "dharura". Lakini tukumbuke yaliyopita. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua za Deyr na Gu zilikosa misimu mitano mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, na wakati huo misimu miwili ilikuwa imeshapotea. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Anayengoja dharura huuza ngozi, hauzi mbuzi.

Basi tufanye hivi:

1. Kikundi kimchague mtu wa kufuata taarifa ya kila mwezi kutoka ofisi ya NDMA ya kaunti. Aieleze kwa Kisomali mkutanoni, akina mama wakiwepo.

2. Tukubaliane mapema: tukisikia "tahadhari", tutauza wanyama gani wakiwa bado na nyama? Pesa zitawekwa wapi? Injini ya kisima itatengenezwa lini?

3. Tukiulizwa tuseme kweli. Wako wanaoongeza shida wakitumaini chakula cha msaada. Tukidanganya leo, kesho mbiu italia na hakuna atakayeamini.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

Ukame uliopita, tulijua lini kwamba mambo yameharibika? Tulifanya nini siku ile? Na Jilaal ijayo, nani atatuambia mapema?

Sheria imeshapiga mbiu. Miguu ya kuinuka ni yetu.