Busia na Malaba: Data ya kampuni imelala kwa simu ya nani?

LORI linapotoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala, habari zake huwa zishaingia kwenye kompyuta kabla dereva hajawasha injini. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Kontena likishafungwa kwa kufuli la kielektroniki, maafisa wa forodha wanalifuata njiani kwa setilaiti hadi mpakani.

Kwa hivyo Malaba si mahali pa kuanza kuulizana lori limebeba nini. Kazi kubwa pale ni kulinganisha. Nambari ya kontena, nambari ya lori, uzani, kufuli. Zikipatana, twende. Mtu akiandika herufi O mahali pa sifuri, dereva anapiga kambi na mwenye mzigo anaanza kupiga simu.

Anayepigiwa mara nyingi ni kijana kama wewe, karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Ofisi zenyewe unazijua: chumba kimoja, kompyuta mbili, printa inayokwama. Wateja wako Nairobi, Jinja, hata Kigali. Lakini uliza data ya wateja hao inawekwa wapi, utaonyeshwa simu. Ankara ilitumwa kwa WhatsApp. Picha ya kitambulisho cha dereva iko katikati ya picha za harusi ya binamu. PIN ya KRA ya mteja imeandikwa nyuma ya daftari. Nywila ya kuingia kwenye mfumo wa forodha inajulikana na watu watano, na mmoja wao aliacha kazi kitambo.

Sasa simu hiyo iibwe pale stendi. Ama karani ahamie kwa mshindani ng'ambo ya barabara, na laini yake mfukoni. Bosi ndiye mwenye leseni na jina limeandikwa mlangoni, lakini wateja, bei na rekodi zimeenda na kijana. Ubaya unaweza pia kumrudia kijana mwenyewe. Mfumo haujui nani alikuwa ameketi kwenye kiti, unajua tu ni nywila ya nani iliyotumika. Tamko la uongo likipita kwa jina lako, utaeleza nini?

Watu wa kompyuta wanaita jambo hili usimamizi wa data, na ukisikia hivyo unafikiria benki za Nairobi. Kwa ofisi ya watu wanne pale Busia, ni maswali machache tu. Nani anaruhusiwa kubadilisha rekodi? Nakala ipi ndiyo ya kweli ankara zikija tatu tofauti? Mtu akiondoka, nani anafunga nywila yake siku hiyo hiyo?

Serikali zenyewe zimewahi kuteleza hapo. Vituo vya pamoja vya mpakani vinafanya kazi (kile cha Busia kilizinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018), lakini Januari 2022 Uganda ilitaka madereva wapimwe Covid-19 mpakani kwa dola 30, hata waliokuwa na cheti kutoka Kenya. Madereva wakagoma. Foleni ikarefuka, na bei ya mafuta ikapanda Uganda. Cheti kilikuwepo, ila upande wa pili haukukubali kukitegemea.

Kuna sheria pia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka anayehifadhi habari za watu azilinde, na zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kampuni yenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato chini ya Sh5 milioni kwa mwaka kwa kawaida haihitaji kujisajili na Kamishna, na hapo wengi hujidanganya ati sheria haiwahusu. Wapi! Kusamehewa usajili si kusamehewa kulinda. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo.

Upande mwingine kuna sheria ya kodi, inayotaka rekodi ziwekwe miaka mitano. Basi ofisi nyingine huweka kila kitu, kwenye makatoni, bila orodha, mpaka panya wawe makarani. Nyingine hutupa ovyo. Ukinunua karanga za kumi barabarani, kunjua ile karatasi kwanza uisome. Usishangae ukikuta jina la mtu, nambari yake ya simu na thamani ya mzigo wake.